Kifurushi cha miche "ya majirani": msimu mmoja uani kwangu Tabata

Mimi ni mama lishe. Kila siku isipokuwa Jumapili napika ugali, wali, maharage, dagaa na mboga za majani kwa watu 40 hadi 50, karibu na kituo cha daladala Tabata Kimanga. Katika yote hayo, mboga za majani ndizo zinazoniamsha usiku. Mvua ikizidi hazipo, jua likizidi bei imepanda, na sahani ya ugali isiyo na mchicha mteja anaiangalia mara mbili kabla hajakaa. Ndiyo maana mwezi Mei, kijana mwenye kitalu kando ya barabara aliponionyesha kitu anachokiita "kifurushi cha majirani", nilitua ndoo yangu nikamsikiliza.

"Shikamoo mama. Ukinunua mche mmoja mmoja unapanda yatima," aliniambia. "Mimi nakuuzia mche pamoja na jirani yake."

Nilipenda maneno yake. Nimekulia Muheza kwa bibi yangu, na shambani kwake sikuwahi kuona mahindi yamesimama peke yake. Chini yake kulikuwa na kunde, na pembeni maboga yametambaa kufunika ardhi. Bibi hakuwa na jina la kilimo hicho, kwake lilikuwa shamba tu. Sasa nikasikia kijana wa mjini anauza wazo lile lile kwa shilingi 65,000, likapangwa litoshe kwenye ua mdogo. Nililipa.

Ndani yake kulikuwa na miche 8 ya nyanya, 4 ya bilinganya, 4 ya pilipili hoho, 6 ya bamia, 6 ya mrehani na 10 ya marigoldi, yale maua ya njano na chungwa yenye harufu kali. Kulikuwa pia na pakiti ndogo za mbegu za mchicha, figiri, kunde na giligilani, viroba 2 vya samadi ya ng'ombe, na kadi ngumu iliyofunikwa plastiki yenye mchoro wa nani akae na nani. Bei hiyo inajumuisha yeye mwenyewe kuja kupanga matuta, na kurudi baada ya wiki 6 kukagua. Mimi niliongeza shilingi 12,000 za fito, kamba na ndoo.

Ua wangu ni mita 4 kwa 3, nyuma ya nyumba ninayopanga. Udongo ni kichanga kitupu, ukimwaga maji yanapotea kabla hujageuka. Upande wa magharibi kuna ukuta, kwa hiyo jua la saa kumi halifiki. Alikuja Jumamosi ya kwanza ya Juni, masika imekwisha na kipupwe kimeanza, na huo kwa Dar es Salaam ndio wakati mzuri wa nyanya. Alifanya kazi saa tatu bila kukaa. Alichimba matuta matatu, akachanganya samadi na mchanga mpaka chini, akatandaza makumbi ya nazi na majani makavu juu. Samadi yake ilikuwa imeoza sawasawa, haina joto wala harufu, na hapo nampa sifa zake zote. Nimewahi kununua samadi mbichi mahali pengine ikaunguza miche yote ndani ya siku tatu. Matandazo nayo yameniokoa: kwa mgao wetu wa maji nilikuwa namwagilia ndoo tatu jioni, na asubuhi ukifunua makumbi unakuta unyevu bado upo.

Sasa niseme majirani wenyewe walivyoishi.

Waliopatana kuliko wote ni bamia na mchicha. Bamia likiwa dogo halina haraka, mwezi wa kwanza linakaa tu linatafuta mizizi, na ardhi katikati ya mche na mche inabaki wazi. Mchicha ndio mboga ya haraka. Tulimwaga mbegu siku ile ile, na mwisho wa wiki ya nne nilikuwa nang'oa mafungu. Wakati bamia linaanza kutanua majani, mchicha umeshaondoka umeacha nafasi. Nikapanda tena katika mapengo, nikavuna tena. Mara ya tatu ukatoka mwembamba, kwa sababu mizizi ya bamia ilikuwa imeshashika tuta lote, nami nikaacha. Jumla nilipata mafungu 31 ya mchicha kutoka kwenye tuta ambalo kwa kawaida lingenipa bamia tu. Hakuna dawa wala harufu ya kufukuza mdudu hapo. Ni hesabu ya muda tu: mmoja anakimbia, mwingine anachelewa, wakapeana zamu kwenye ardhi ile ile. Kama utachukua kitu kimoja kutoka kwenye kifurushi hiki, chukua hicho.

Lakini bamia asiliuze kwa miche. Mzizi wake mkuu unashuka moja kwa moja chini na hautaki kusumbuliwa. Katika miche 6, miwili ilidumaa tangu siku ya kuhamishwa na haikuamka tena. Niling'oa nikaweka mbegu nilizoloweka usiku mmoja, na hizo mbegu zikawapita wenzao waliotangulia. Pakiti ya mbegu ingemgharimu kidogo na mimi ingenifaa zaidi.

Tuta hilo la bamia ndilo lililonifundisha kuisoma kadi kwa tahadhari. Kadi inasema mimea mirefu ikae kaskazini ili isiwafunike wafupi kwa kivuli. Tukafanya hivyo. Kufika katikati ya Julai nikaona hoho zangu, zilizokuwa tuta la katikati, zinarefuka shingo na kupauka. Nikasimama uani saa sita mchana kuangalia. Jua lilikuwa limeegemea kaskazini, na kivuli cha bamia kilianguka kusini, zaidi ya nusu mita, juu ya hoho zote nne. Sisi tuko kusini mwa ikweta. Miezi ya kipupwe jua letu linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo mrefu akikaa kaskazini ndiye anayewafunika wenzake. Ushauri ule ni sahihi kabisa kwa mtu wa Ulaya. Kwetu Juni na Julai mrefu akae kusini. Mwezi Desemba jua linapita kusini yetu, na hapo kadi inakuwa kweli.

Kivuli hicho hicho figiri ilikipenda. Majani yalitoka mapana na laini, hayakuwa na ule ukali unaokwaruza koo, na ilichelewa kutoa maua. Hoho zikanyong'onyea, figiri ikanawiri, kwenye tuta moja. Kwa hiyo sisemi kivuli ni adui. Nasema mtu ajue nani anakitaka.

Kunde nina mashaka nazo, ingawa ndizo nilizokuwa nazitarajia zaidi kwa ajili ya bibi. Mbegu alizonipa zilikuwa za kunde zinazotambaa, na kadi ikasema zikae miguuni mwa bilinganya. Wiki ya tano zilikuwa zimepanda shina na kuning'inia kwenye matawi, maua ya bilinganya hayaonekani. Nilikaa jioni mbili kuzifungua moja moja. Shambani kwa bibi kunde zilitambaa kwa sababu kulikuwa na mahali pa kutambaa. Kwenye mita 4 kwa 3 unataka kunde zinazosimama, na hizo zipo, wauzaji wa mbegu Kariakoo wanazo.

Halafu kuna hili neno lililoandikwa kwa herufi kubwa kwenye kadi, kwamba kunde "hulisha jirani yake". Ni kweli nusu. Ukiing'oa kunde yenye afya utaona vinundu kwenye mizizi, na ukikipasua kimoja ndani ni cha rangi ya waridi. Humo wanaishi bakteria wanaokamata naitrojeni ya hewani na kuigeuza chakula cha mmea. Lakini ikiwa hai, kunde inakula karibu chakula chote hicho yenyewe. Jirani anafaidika baadaye, mizizi na majani yakishaoza. Hivyo ukimaliza kuvuna usiing'oe. Ikate usawa wa ardhi, mizizi ibaki chini, na mashina yageuze kuwa matandazo. Nimefanya hivyo mwisho wa Agosti na pale pale ndipo nitakapopanda mchicha wa vuli. Majani ya kunde lakini nilikula vizuri, mafungu 12, na wateja wangu wa Kitanga walinipongeza.

Nyanya, bilinganya na hoho. Hapa sikubaliani na kifurushi chenyewe. Hizi tatu ni ukoo mmoja, pamoja na nyanya chungu na mnavu. Magonjwa na wadudu wao wengi ni wale wale. Kuziweka pamoja ndani ya mita chache na kuziita majirani wema ni kumwandalia mdudu karamu ya vyungu vitatu. Kanitangaze, yule nondo mdogo aliyeingia nchini mwaka 2014 akawaliza wakulima wa nyanya, alinifikia wiki ya saba. Ukiona jani la nyanya lina njia nyeupe kama limeunguzwa ndani kwa ndani, ndiye huyo. Kadi ilidai mrehani utamfukuza. Nilikuwa na nyanya tano karibu na mrehani na tatu mbali nao, na majani yaliyochorwa nilikuwa nayachuma kote kote bila tofauti niliyoiona. Inzi weupe vivyo hivyo.

Kilichonisaidia ni mkono na mwarobaini. Kila asubuhi kabla sijaenda sokoni nilichuma majani yaliyoshambuliwa na kuyachoma motoni, nisiyatupe pembeni. Kila wiki nilitwanga nusu kilo ya mbegu za mwarobaini, nikaloweka usiku kucha kwenye lita 10 za maji, nikachuja kwa kitambaa, nikaweka sabuni kidogo na kupulizia jioni jua likiwa limelala. Ukipulizia mchana jua linaua nguvu yake. Mti wa mwarobaini Dar es Salaam uko kila mtaa, mbegu zinaokotwa chini. Kijana angeweka mfuko wa mbegu hizo badala ya miche mitatu ya mrehani ningempa maksi zote. Mrehani nimeubakiza kwa ajili ya nyuki na kwa ajili ya mchuzi.

Giligilani kadi iliitaja kwa mstari mmoja tu, nayo ndiyo iliyonishangaza. Nusu nilikata kwa kachumbari, nusu ikanipita ikatoa maua meupe madogo kama mwavuli. Siku chache baadaye maua yale yalijaa vijinzi vyembamba vyenye mistari myeusi na ya njano, vinavyosimama hewani bila kusogea, na vijinyigu vidogo sana. Wakati huo vidukari vilikuwa vimeshaziba ncha za kunde. Afisa ugani wa kata yetu alipopita alinionyesha kwenye jani kijifunza cha kijani kisicho na miguu kinachomnyonya kidukari, akasema huyo ni mtoto wa kile kijinzi chenye mistari. Mama anakuja kunywa kwenye giligilani, anataga penye vidukari. Ndani ya kama siku kumi ncha za kunde zilisafika. Tangu hapo siikati giligilani yote. Mashina manne au matano nayaacha yachanue, na kama hauna nafasi panda hata kwenye kopo.

Huyo afisa ugani ndiye aliyenieleza pia habari za marigoldi. Kadi inaahidi kwamba ukipanda moja pembeni ya nyanya, minyoo fundo, wale wadogo wa udongoni wanaotia mizizi mafundo, wanakimbia. Mwisho wa Septemba nilipong'oa nyanya, mizizi ya mbili kati ya nane ilikuwa na mafundo kama shanga, na marigoldi ilikuwa kama sentimita 30 tu kutoka hapo. Alisema mizizi ya maua hayo kweli ina sumu inayowadhuru minyoo, lakini kazi hiyo haifanywi na ua moja moja. Unayapanda kujaza tuta zima, yakae miezi miwili au zaidi, kisha ndipo ulete nyanya. Akanipa mfano wa mahindi: kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE kilichoko Mbita, Kenya, ukingoni mwa Ziwa Victoria, kilitengeneza njia inayoitwa sukuma-vuta. Wanapanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, katikati ya mahindi, harufu yake inawasukuma nondo wa funza wa mabua, na majani ya tembo pembeni yanawavuta watoke shambani. Imefanya kazi kwa sababu walijua mmea gani, mdudu gani, na ukae wapi. Nilimshukuru sana, kwa sababu nilikuwa nimeanza kudhani jambo zima la ujirani wa mimea ni maneno ya biashara. Si hivyo. Ila kila jozi ya mimea lazima ijulikane ni ya mdudu gani au ya kazi gani.

Nusu ya chini ya kadi ni mambo ya kabichi, stroberi na karoti zilizokaa na vitunguu. Kabichi na karoti nzuri tunazokula hapa zinashuka kutoka Lushoto kwenye baridi. Karoti na kitunguu zinawekwa pamoja Ulaya kwa ajili ya nzi wa karoti anayewasumbua huko. Mwenye ua wa Tabata hana cha kufanya na mistari hiyo. Na wakati stroberi ina mstari wake, matembele hayamo kabisa! Mboga inayolisha nusu ya Dar es Salaam, inayoota kwa kipande cha shina, haitaki samadi nyingi, inafunika ardhi isikauke. Niliomba vipande kwa mpangaji mwenzangu nikayachomeka pembeni ya mfereji wa jikoni, peke yake, maana yakiingia tuta la wengine hayatoki. Wiki ya tano nikaanza kuchuma, mpaka leo nachuma.

Huduma. Aliahidi kurudi wiki ya 6, akaja wiki ya 9 baada ya kumpigia simu mara tatu, na wiki hizo katikati ndizo Kanitangaze ilipoingia. Hilo liliniumiza kwa sababu nililipia. Alipofika lakini aliomba radhi, akakagua mmea mmoja mmoja, akanibadilishia hoho tatu bure na kuzihamishia mwisho wa tuta penye jua. Nilimwonyesha kivuli cha bamia. Alichuchumaa pale muda mrefu, akatoa simu akapiga picha, akasema, "Mama, hii kadi niliitoa kwenye intaneti nikaitafsiri. Sikuwahi kusimama saa sita nikaangalia." Nilimheshimu kwa kusema hivyo. Mikono yake inajua udongo kuliko kadi yake, na wakati anapanga matuta mambo mazuri aliyoyafanya hayakuandikwa popote.

Hesabu, kwa bei ninazonunua sokoni: mchicha mafungu 31, figiri 14, majani ya kunde 12 na bamia 18, yote kwa 500, ni shilingi 37,500. Nyanya kilo 12 kwa 2,000 ni 24,000. Bilinganya 19 kwa 500 ni 9,500. Hoho 14 kwa 300 ni 4,200. Jumla 75,200, na nilitumia 77,000. Matembele sijayahesabu kwa kuwa hayakutoka kwake. Bado sijarudisha yote, lakini fito, ndoo na udongo uliotengenezwa vimebaki, na mbegu za mchicha na kunde nimekausha mwenyewe.

Kwa anayeanza kutoka sifuri kwenye kichanga, nakipa nyota tatu na nusu kati ya tano: samadi, matandazo na upangaji wa matuta vina thamani ya pesa ile, kadi hapana. Nimeshamwagiza kingine kwa ajili ya vuli, na nimemwandikia kwenye karatasi ninachotaka. Bamia kwa mbegu, safari hii zikae kaskazini mwa ua, maana miezi ya vuli jua linapita kusini. Kunde za kusimama. Nyanya nne tu, bila bilinganya, na zisirudi kwenye tuta lenye mafundo. Tuta hilo lijazwe marigoldi mpaka mwisho wa Desemba. Giligilani pakiti mbili. Mbegu za mwarobaini nusu kilo. Amekubali yote kwa 50,000, na ameniomba ile karatasi abaki nayo.